Wimbo wa Dakika Kumi na Moja

Saa moja kasorobo asubuhi. Nyuma ya hospitali, katika chumba kirefu ambacho sakafu yake haijui kukauka, mwanamke wa miaka hamsini na saba anavuta mabuti yake ya mpira, la kushoto likiwa na kiraka cha tairi la baiskeli. Anapandisha gauni, anabana mkunjo kiunoni, anaingia ndani ya birika la saruji lenye maji, klorini na shuka arobaini zilizotoka chumba cha upasuaji. Anakohoa mara moja, kama mtu anayetaka kikao kitulie. Kisha anaimba.

Kwa kuimba huko anaweza kufukuzwa kazi Jumatatu ijayo.

Hajaiba kitu. Hajamtukana mtu, ingawa mdomo anao na sababu anazo. Anachoimba si matusi wala siasa. Ni sura ya kumi na mbili ya nabii Isaya, aya zote sita, toka mwanzo hadi mwisho, mguu wa kulia ukitangulia. Madirisha, kwa siku hii, bado yako wazi, na sauti yake inatoka nje, inavuka kamba za kuanikia na kwenda zake.

Wenzake wanamwita Mama Povu. Yeye anadai jina hilo limetokana na sabuni. Wenzake wanadai limetokana na siku mtunza stoo alipomwambia sabuni imekwisha huku yeye mwenyewe ameikalia.

"Watu wanafikiri naimba kwa sababu nimefurahi," anasema, akikanyaga. "Siku nyingine sina furaha hata ya kuazima. Naimba kwa sababu shuka ziko kwenye dawa."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo wakubwa wa hospitali hii walipokataa kuelewa, wengine wakiwa na shahada mbili.

Klorini haina mzaha. Shuka ikikaa humo muda mfupi, inatoka na vijidudu vyake salama salimini, inanukia usafi tu. Ikikaa muda mrefu, nyuzi zinaoza, na ukiivuta inachanika kama karatasi ya kufungia nyama. Lazima ikae muda wake, si chini si zaidi. Na chumba cha dobi, tangu hospitali ijengwe, hakijawahi kupewa saa.

Saa ya mkononi klorini huila ndani ya mwezi. Simu haziruhusiwi, zinafungiwa kabatini kwa amri, na hata zingeruhusiwa, simu ikiangukia birikani haiogelei. Mashine ya kufulia ipo, kubwa, imefunikwa turubai kwa heshima kama maiti ya mtu maarufu. Ilikufa mwaka wa tatu baada ya kuzinduliwa. Kwa hiyo wanawake wanne wanafua shuka zaidi ya mia mbili kwa siku kwa miguu na mikono, na wanapima muda kwa wimbo.

Wimbo huo aliutunga mama yake mzazi, aliyekuwa dobi katika mabirika haya haya. Hakujua kusoma. Alisikia sura hiyo ikisomwa kanisani, akaomba isomwe tena, na mara ya tatu akarudi nayo nyumbani kichwani, akaivisha sauti ya kukanyagia.

Kila aya ina kazi yake. Ya kwanza, pale mtu anapomshukuru Mungu kwa kuwa hasira yake imegeuka na kuwa faraja, shuka zinatumbukizwa. Ya pili, ya kutoogopa, zinakanyagwa. Ya tatu ndiyo ile ya watu kuteka maji kwa furaha, na hapo mmoja wao anakwenda kufungua bomba ili birika la kusuuzia lianze kujaa. Ya nne, ya kuyatangaza kwa mataifa mambo aliyotenda Mungu, shuka zinageuzwa chini juu. Ya tano inawataka watu waimbe mpaka dunia yote ijue, na hapo wote wanne wanaingia kwa sauti na kujipanga. Ya sita inawaambia wapige kelele za shangwe kwa kuwa aliye mkuu yuko katikati yao. Hapo shuka zinatolewa.

Shuka za wodini ni mzunguko mmoja. Za upasuaji, miwili.

"Mama yangu aliondoka kazini bila hata kanga ya kuagwa," anasema Mama Povu. "Aliniachia huu wimbo. Alinambia, 'Mwanangu, usiukimbize na usiuburuze. Watu watalalia unachoimba.'"

Yeye mwenyewe ana miaka ishirini na sita kazini. Mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu. Anayejua hesabu atagundua kwamba ameajiriwa kwa muda mara mia moja na nne. Mshahara, ukitoa kodi ya chumba, unabaki unga wa wiki mbili na sabuni ya kufulia nguo za nyumbani, maana huyu mama anayefua kutwa nzima, sabuni ya kwake ananunua dukani kama mimi na wewe.

Mambo yaliharibika miezi mitano iliyopita. Mgonjwa mmoja wa wodi ya kulipia, chumba namba nne, aliandika kwenye kitabu cha maoni kwamba kuna mtu anaimba asubuhi. Hakuandika zaidi ya hapo. Katibu wa hospitali, mtu mwepesi wa kuandika matangazo, akaandika tangazo. Likabandikwa mlangoni mwa dobi, limepigwa muhuri mahali pawili: kuimba, kupiga vigelegele na kelele za aina yoyote ni marufuku.

Mgonjwa wa namba nne alipona, akaenda zake siku ya tatu. Tangazo halijapona mpaka leo.

Chini ya dirisha la namba nne, msomaji ajue, pana jenereta. Linanguruma kila umeme ukikatika, na umeme hapo hukatika kwa moyo mmoja. Hakuna aliyeliandikia barua. Redio iko ofisini kwa uhasibu, inatangaza mpira. Milango ya chuma inabamizwa usiku na mchana. Lakini kati ya vyote hivyo, kilichoonekana kuwa ni kelele ni dobi kumsifu Mungu wake.

Siku ya kwanza baada ya tangazo, Mama Povu aliimba kama kawaida. Anasema alisahau. Wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye ndiye mwenzake wa kukamua, anasema hakusahau hata kidogo, bali alisoma tangazo lile mara mbili, akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya, akaingia birikani.

Barua ya kwanza ya onyo ililetwa mchana. Ya tatu ni ya kufukuzwa.

Alikwenda kwa katibu kumweleza. Katibu alimpokea vizuri, hilo lisifiwe, akampa na kiti. Ni mzee wa kanisa, na kanisa lake lina spika ndefu kama kabati la nguo, ambazo Jumapili wagonjwa wa wodi zote wanazisikia wakitaka wasitake. Alimwambia mama kwamba hapingi sifa za Mungu, ila kila jambo lina mahali pake.

"Nikamuuliza mahali penyewe ni wapi," Mama Povu anasimulia. "Maana nabii alisema dunia yote. Nikamwambia, mheshimiwa, nitolee ramani, unionyeshe kama dobi tumo duniani au tumeachwa nje."

Katibu alicheka kidogo, akatazama mlango. Mama akaelewa ameagwa.

Kwa kuwa ana wajukuu wawili wanaomtegemea, alinyamaza. Wote wanne wakanyamaza. Wakaamua kuhesabu kimoyomoyo, moja hadi mia sita na kitu kwa kila mzunguko, kila mtu na hesabu yake. Wifi ni mwepesi, akafika mwisho wakati mabinti wawili wa kuanika wako mia tatu. Wakabishana. Wakaanza upya. Katikati ya kuanza upya, mmoja akaitwa kupokea nguo za wodi ya wazazi. Aliporudi aliuliza wako wapi, na kila mtu akataja namba yake.

Ilikuwa Jumanne. Walipozitoa zile shuka za upasuaji na kushika ncha ili wakamue, Mama Povu huku, wifi kule, shuka ya kwanza ilikatika katikati. Wifi alikwenda chini kwa makalio, amekumbatia nusu yake.

"Nilimwambia, wifi, siku nikifa usinivishe sanda uliyofua ukiwa kimya," anasema wifi huyo, na anacheka mpaka anashika ukuta.

Siku hiyo lakini hakuna aliyecheka. Shuka arobaini na nane ziliharibika. Upasuaji wa watu wawili uliahirishwa hadi kesho yake, mmoja wao akiwa mama aliyekuwa ameshinda na njaa tangu jana yake kama alivyoagizwa. Mama Povu alikwenda wodini akamwomba radhi yeye mwenyewe, akiwa na mabuti yake miguuni. Hakuna mwingine aliyekwenda.

Barua ya pili ilisema "uzembe wa hali ya juu". Akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu.

Kamati ilikuwa na watu watano na chupa za maji tano. Mama Povu alisimama. Katibu alimuuliza kama anataka kuwaambia wazee wazima kwamba shuka zimeungua kwa sababu hakuimba.

"Ndiyo, mheshimiwa," alijibu. "Saa ilikuwepo. Mliifunga mdomo nyinyi."

Mhasibu alicheka kwa pua. Matroni, mkuu wa wauguzi wote, mwanamke mnene asiye na haraka, hakucheka. Alishika ile saa ndogo wanayoning'iniza wauguzi kifuani, akaigeuza aione vizuri, akasema, "Imba."

Katibu alikumbusha kwamba marufuku bado iko. Matroni akamjibu kwamba hapa si dobini.

Mama Povu akaimba. Aliimba amesimama juu ya zulia, akikanyaga kidogo kidogo, maana bila kukanyaga hauji. Wanasema kwenye aya ya tano sauti ilitoka mpaka korido, na foleni ya dawa ikageuka yote kutazama mlango. Anayeandika kumbukumbu za kikao aliacha kalamu, akawa anagonga meza kwa kidole. Hilo kwenye kumbukumbu hakuliandika.

Dakika kumi na moja na sekunde nne.

Matroni akamwambia anywe maji, kisha aimbe tena. Dakika kumi na moja na sekunde mbili.

"Mimi nina wauguzi wenye vyeti," Matroni alisema, "na hawawezi kumpima mtu mapigo ya moyo mara mbili wakapata jibu moja."

Mtu mwenye akili timamu angedhani kesi imekwisha hapo. Kamati ilikaa faragha saa nzima, ikatoka na uamuzi wa aina yake: barua ya onyo ibaki kwenye faili, marufuku ya kuimba ibaki mlangoni, na dobi wanunuliwe saa ya ukutani.

Yaani walisikiliza wimbo wa mama na binti, wa miaka zaidi ya hamsini kwa jumla, uliolaza wagonjwa wasiohesabika kwenye shuka safi. Wakaupima wenyewe, wakauona hauna kasoro. Wakaubadilisha kwa kiplastiki cha duara chenye picha ya maua.

Saa hiyo iliishi siku kumi na tisa. Mvuke uliingia ndani ya kioo, maua yakafifia, mishale ikaanza kutembea kama mlevi anayetafuta ufunguo, mwishowe ikasimama saa tisa na dakika ishirini. Mama Povu aliomba nyingine kwa maandishi. Akajibiwa kwamba ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi. Bado linafanyiwa kazi. Limechoka zaidi yake.

Ndipo alipoanza kuimba tena. Anasema alikuwa na shuka ndani ya dawa na njia mbili za kufukuzwa: aimbe afukuzwe kwa kelele, au anyamaze afukuzwe kwa matundu. "Nikaona kama ni kufukuzwa, bora nifukuzwe na mgonjwa amelala pasafi."

Barua ya tatu imeshaandikwa. Kinachokosekana ni sahihi ya Matroni, ambaye kwa siku nane sasa kila akiletewa anasema kalamu yake haina wino. Kalamu nyingine anazoazimwa anazikuta na hitilafu. Jumatatu kamati itakaa tena, na safari hii, kwa mujibu wa watu wa ofisini, sahihi ya katibu peke yake itatosha.

Alipoulizwa na gazeti hili, katibu alisema yeye si msemaji wa hospitali. Alipoulizwa msemaji ni nani, alisema ni yeye, ila kwa siku za Jumatano.

Na Jumatano hiyo kweli alikwenda dobini mwenyewe, kitambaa puani, akiwa na pendekezo la amani. Waimbe, alisema, lakini wafunge madirisha, na sauti iwe ya chini isivuke ukuta. Alilitoa kama mtu anayetoa sadaka kubwa.

Mabinti wa kuanika walimtazama Mama Povu. Wifi alimtazama kwa jicho la 'chukua hicho, tule'. Maana wifi naye ana watoto, na hakuna kosa kwa mtu kutaka kula.

"Mheshimiwa," Mama Povu alimwambia, "ukifunga madirisha humu na klorini hii, aya ya sita tutakwenda kuimalizia kwa nabii mwenyewe."

Katibu alisema ni suala la utaratibu.

Hapo ndipo, wanasema waliokuwepo, mzaha ulimtoka Mama Povu usoni. Alitoka birikani, maji yakimchuruzika, akasimama mbele ya katibu akiwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima.

"Baba, mimi sina jukwaa," alisema. "Sina spika. Kwaya ya kanisani kwetu nilishindwa kununua sare, nikakaa benchi. Jumapili nyingi niko hapa, kwa sababu wagonjwa wanachafua shuka hata Jumapili. Mahali pekee Mungu amenipa pa kumtaja watu wakasikia ni hapa kwenye maji machafu. Nabii anasema pigeni kelele. Tangazo lako linasema kelele marufuku. Mmoja wenu amekosea, na yeye ndiye aliyetangulia kuandika."

Katibu aliondoka. Wifi, ambaye alikuwa ametaka wakubali, aliokota tangazo lililobanduka kwa unyevu, akatumia kushikia kishikio cha ndoo ya maji ya moto.

Je, Jumatatu wakimfukuza? Swali hilo analijibu bila kuacha kukanyaga, na ni dhahiri limeshapikwa likaiva.

Nyuma ya dobi kuna uzio wa waya, na nyuma ya uzio kuna barabara ya watu wote. Barabara hiyo si ya hospitali. Katibu hawezi kubandika kitu hapo, labda kwenye mgongo wa mbuzi. Alhamisi, saa ya mapumziko, Mama Povu alitoka kwa geti kuu, akamwambia mlinzi anakwenda kununua chumvi, akazunguka hadi nyuma, akasimama kando ya mtaro. Akaimba.

Ndani, wifi alikuwa birikani na shuka kumi na mbili za wodini. Madirisha, kwa amri mpya, yalikuwa yamefungwa. Lakini dirisha la pili lina kioo kilichovunjika. Miaka minne dobi wameandika barua kioo kitengenezwe, miaka minne fundi yuko njiani.

"Wamenitesa na baridi ya kile kioo," anasema Mama Povu. "Leo nawaombea fundi apotee njia."

Barabarani watu walisimama. Muuza mkaa alishusha gunia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakuja kumwona mumewe wodini alikaa juu ya jiwe akasikiliza, begi la nguo mapajani. Mama Povu hakuwatazama. Alikuwa anatazama lile tundu la kioo.

Alipoingia aya ya tatu, ya kuteka maji, aliimba huku ametega sikio. Kutoka ndani bomba likafunguka, maji yakaanza kupiga saruji. Akaendelea. Aya ya tano akaipeleka juu kwa nguvu zote, na kutoka ndani sauti tatu zikaipokea, madirisha yamefungwa, marufuku ikiwa palepale. Aya ya sita ilipokwisha, mkono wa wifi ukatoka kwenye kioo kilichovunjika, umeshika ncha ya shuka. Akaivuta kwa nguvu, huku na huku, Mama Povu aione.

Haikuchanika.

Huo ndio mpango wake. Kila asubuhi, saa moja kasorobo, awe ameajiriwa au hajaajiriwa, wimbo utaimbwa. Mabinti wawili wanafundishwa kuongoza aya moja kila wiki, na wamefika ya nne. Wifi alimuuliza itakuwaje siku za mvua.

"Nitashika mwavuli," alimjibu. "Mama yangu hakuniambia niimbe nikiwa mkavu."